Mize Aliyeziba Mlango wa Mwamba

Enyi mliokaa, nani kati yenu ataniambia upepo uliompiga usoni asubuhi hii unaitwaje? Mnatazamana tu, na simu mnazo. Haya, sikieni.

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pepo mbili, bahari moja, na uongo wa kutosha!

Hapo kale, samaki walipokuwa na serikali yao, alikuwapo pweza mmoja, jina lake Mize. Alizisomea pepo. Akasoma, akasoma, akasoma, mpaka mikono yote minane ikafuzu. Alijua Kaskazi huiacha bahari ikiwa vuguvugu na mbingu tupu. Alijua Kusi huleta mawingu na mvua, akaikoroga bahari mpaka chini, maji yakapoa, chakula kikapanda juu. Na katikati yao ni maleleji: upepo hakuna, jua linapiga, maji yanachemka.

Cheo cha mpiga mbiu wa pepo kilikuwa wazi. Mize akaenda kwa Mfalme Chewa.

"Una uzoefu?"

"Sina, mfalme. Ninao ujuzi."

"Sori, rudi mwakani."

Akarudi.

"Una uzoefu?"

"Nitaupata wapi, pangoni kwangu?"

"Sori, rudi mwakani."

Akarudi mara ya tatu, akakuta cheo kapewa Bunju, mpwa wa mfalme, aliyejua kitu kimoja tu: kuvimba.

Na kazi yenyewe si mchezo. Kusi akifika, mawimbi ya nje husaga watoto wa samaki. Basi mbiu ikilia, tasi wadogo wote hupitishwa mlango wa mwamba, wakajificha kwenye maji mafupi ya ndani. Lakini wakiingia kabla Kusi hajaja, maji hupwa, na jua la maleleji huwapika wazima wazima.

Asubuhi moja Bunju akatoa pua juu ya maji. Kibaridi kikampiga. Ulikuwa umande tu, upepo wa nchi kavu unaokufa jua likipanda. Bunju akavimba: "Kusi! Kusi amefika! Watoto ndani!"

Mize akanyoosha mkono: maji moto. Wa pili: moto. Wa tatu: moto. Akajirusha mlangoni, akatandaza mikono yote minane.

"Hapiti mtu! Huo ni umande, wallahi!"

"Dada, huo ni wivu wa kazi," Bunju akasema.

"Wivu? Tangulia basi, bosi. Kaa humo mpaka adhuhuri."

Bunju akaingia, kifua mbele. Jua likapanda, umande ukafa, maji yakapwa. Mara ikasikika sauti: "Mjomba, naiva! Mjomba, naiva! Mjomba, nimeiva!" Mize akamvuta kwa mkono mmoja, huyo, ngozi imemsimama miiba. Mpaka leo haijalala.

Siku zikapita, tasi wadogo wakingoja nje, kivulini mwa Mize. Kisha mkono wake ukaonja ubaridi wa kilindini. Mawingu yakajikusanya upande wa kusini. "Sasa!" akasema. Watoto wakapita chini ya mikono yake, wote, na Kusi huyo akaja akinguruma na mvua yake.

Wa mwisho akaja Mfalme Chewa, anahema. Mize akaziba mlango.

"Binti, umetusaidia. Tutakuchukua ujitolee. Bunju atabaki na cheo, wewe utamwelekeza."

Mize akacheka mpaka akabadilika rangi. "Kujitolea nimeshajitolea, mfalme. Watoto wamepita. Umebaki wewe na tumbo lako."

Wimbi likampiga mfalme mgongoni. "Tutakaa kikao!" La pili likampiga. "Tutaunda kamati!" La tatu likampindua. "Chukua! Cheo ni chako!"

"Sema kwa sauti, Kusi asikie."

"Mpiga mbiu wa pepo ni Mize!"

Ngano yangu imefika ufukweni. Aliyesinzia asiniulize mwisho. Funzo lake: mbiu ya upepo apewe anayeujua upepo. Na ninyi mnaogawa vyeo, maleleji yamerudi, maji ni moto, na Bunju wenu amevimba kitini. Mtoeni. Leo, kabla hajawaingiza watoto ndani.