Jaruba la Aliyeiokoa Ndege

Leo nasimulia nikiwa na hasira, na sitaki mtu anipoze. Sikilizeni kwanza, halafu mnijibu.

Huku kwetu kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali wapo wakulima watatu, wote wakilima kwa kukodi. Subilaga anazijua betri: akiishika tu anakwambia itadumu au itakuaibisha. Gwakisa ni fundi redio, na haamini swichi wala waya mpaka aufungue mwenyewe. Lugano ana mikono mitulivu. Mpe rimoti, atarusha chochote chenye mabawa.

Watatu hao waliunda ndege kubwa ya rimoti, yenye injini ya petroli, ya kufukuza kweleakwelea. Mnawajua kweleakwelea, vile vijindege vinavyokula nafaka kwa makundi. Wakitua kwenye mpunga uliokomaa, wanakuachia mabua.

Sasa elewa jambo moja. Injini huisukuma ndege, lakini haiigeuzi. Mkia na mabawa huvutwa na mota ndogo zenye nguvu, zinaitwa sevo, na sevo hupata amri kutoka kwenye kisanduku kiitwacho risiva. Vyote hivyo hula betri. Umeme ukikatika, aliye chini anabaki kubonyeza rimoti bure huku ndege ikienda inakotaka.

Subilaga akasema, "Tunaweka betri mbili. Moja ikifa, nyingine inashika."

"Uzito wote huo!" Gwakisa akafoka. "Unataka iruke au ilime?"

"Basi na ibaki chini!" Subilaga akaikumbatia ndege, akagoma kuiachia mpaka betri ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, ikafungwa. Hakuna aliyemwambia asante.

Gwakisa naye akaitupa swichi waliyonunua dukani. "Hii ikivunjika inazima," alisema. "Ninayoitengeneza mimi, ikivunjika inabaki imewaka."

"Kwa hiyo kuizima ni shughuli!" Lugano akaja juu. "Tukishatua, betri zinaendelea kuliwa tu!"

Gwakisa akafunga swichi yake hivyo hivyo, wenzake wakamnunia mpaka jioni.

Na Lugano? Huyo ndiye aliyewachosha kabisa. Akirusha, mtu hakohoi. Subilaga alipoomba naye ajaribu rimoti, alijibiwa, "Dada, wewe chaji betri." Neno hilo Subilaga hajalisahau hadi leo, na mimi simlaumu.

Ndege ikaanza kazi. Kila asubuhi kweleakwelea walikimbilia ng'ambo ya mto. Mavuno yakiwa karibu, mwewe mmoja aliyekuwa akiwinda kweleakwelea hao hao aliivaa ndege hewani, sijui aliiona mshindani wake. Akaipasua ubavu, akang'oa waya wa betri kubwa na kuivunja swichi.

Kama kungekuwa na betri moja, habari ingeishia hapo. Lakini ile ndogo ya Subilaga ikashika.

Kama swichi ingekuwa ya dukani, betri hiyo ya pili isingesaidia kitu, maana umeme wote ulipita pale. Ya Gwakisa ilivunjika, na umeme ukaendelea kupita.

Tena kama rimoti ingekuwa mikononi mwa mwingine, angeshtuka akavuta kila kitu kwa mpigo. Sevo zote zingedai umeme kwa pamoja, betri ndogo ingezidiwa, risiva ingezima. Lugano aliona mkia unachelewa kutii, akaelewa. Akawa anagusa kidogo, sevo moja ipumzike ndipo aamshe nyingine, mpaka akaiweka ndege juu ya tuta la mfereji.

Wakaitengeneza, ikaruka tena mpaka gunia la mwisho likaingia ghalani. Hapo ndipo viongozi wa skimu yetu ya umwagiliaji walipoharibu mambo. Wakatangaza kwamba aliyeiokoa ndege atapewa jaruba lake mwenyewe, kipande cha shamba la mpunga chenye maji. Jaruba moja! Na kwetu jaruba huandikwa jina moja, kwa sababu zamu ya maji huitwa kwa jina. Tuliwahi kuandika majina mawili, watu wakapigana kwa majembe mferejini.

"Bila betri yangu mngekuwa mnaokota vipande," Subilaga alisema mkutanoni.

"Betri isiyopitisha umeme ni jiwe," Gwakisa akajibu. "Swichi yangu ndiyo iliyopitisha."

"Nyinyi mlikuwa mnapiga mayowe," Lugano akasema. "Aliyeishusha ni nani?"

Mwenyekiti, Mzee Mwashitete, akagonga meza. "Nendeni mkaniletee jina moja. Mpaka hapo, jaruba hilo halipati maji."

Unadhani walikaa wakazungumza? Waliivunja ndege! Subilaga aliondoka na betri zake, Gwakisa akakata swichi na nyaya zake, Lugano akaifungia rimoti sandukuni. Mwili wa ndege uko ghalani, kuku wanatagia humo. Jaruba limeota magugu, na maji yamepita kando yake msimu mzima.

Hilo ndilo linaloniunguza roho. Mpunga umekomaa tena, na kweleakwelea wamerudi. Nimewaona leo kwenye shamba la Subilaga, wakahamia la Gwakisa, wakamalizia la Lugano, na wenyewe watatu wamekaa kila mtu mlangoni kwake, wanatazama.

Usiniambie wagawane, nimeshakueleza habari ya majembe. Usiniambie wanyimwe wote. Kosa lao ni lipi siku ile ya mwewe? Ondoa betri, ndege inaanguka. Ondoa swichi, inaanguka. Ondoa mikono ya Lugano, inaanguka vile vile.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki ungewaambia nini, ili kesho alfajiri wakubali kurudisha vitu vyao kwenye ndege?