Kiboko Alivyoifunika Kompyuta

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa jua, mvua ikakataa!*

Basi, ukame uliingia porini. Maji yalibaki kisimani tu, chini kabisa, na pampu ya kisima ilisikiliza kompyuta mpakato moja. Kompyuta hiyo aliishika Kiboko. Aliipataje? Kwa ukubwa wa mdomo. Programu yake ilisema: maji kwa Kiboko. Asubuhi, maji kwa Kiboko. Jioni, maji kwa Kiboko. Wengine walilamba mawe.

Swala akaenda kuomba. "Mzee, mwanangu hasimami tena. Nipe japo tone, nimloweshe ulimi."

"Ngoja," alisema Kiboko. "Bwawa langu halijajaa."

Swala akangoja.

Pimbi, kile kinyama kidogo cha majabalini, alikuwa jirani wa Swala. Alimwona mtoto amelala, nzi wamemjaa machoni. Akateremka bwawani, akamkuta Kiboko anaiponda kompyuta, pu! pu! Kila kidole kikishuka, herufi nne. Alitaka bwawa la pili, na programu inamgomea.

"Shikamoo, mzee. Mbona wajitaabisha? Nitakutengenezea, wanyama wote wakuandikie programu humu humu, kila mtu yuko kwake na simu yake. Wewe ulale."

"Bure?"

"Bure."

"Basi fanya upesi!"

Pimbi akaiunga kompyuta na umeme wa jua. Akaiunga na mtandao. Akafungua ukurasa wa pamoja, anachoandika mmoja wakione wote. Akaiamuru isizime hata ikifunikwa, hilo hakulitaja. Kisha akawapa wenzake neno la siri. Kobe akaingia. Ngedere akaingia. Swala naye akaingia. Ta-ta-ta-ta! Herufi zikakimbia zenyewe kiooni, Kiboko akacheka mpaka matope yakatikisika.

Jua likapanda, usingizi ukamshika. "Nisije nikaibiwa," alisema. Akashusha kifuniko, pa! Akaweka kidevu juu yake. Khoo... khoo...

Huko majabalini, na kila mmoja kwake: ta-ta-ta-ta. Walifuta "Kiboko", wakaandika "wote". Kobe alikosea, Ngedere akamsahihisha. Wakabadili na neno la siri.

Pampu ikanguruma, nguuu! Kila bomba likatoa maji. Kiboko alizinduka bwawa limeshuka magotini. Akafoka, akabembeleza, akafoka tena. Hakuna aliyegeuka.

Pimbi alikimbia kwa Swala na maji kwenye kifuu. "Mama, mnyweshe! Yametoka!"

Swala alikuwa anamlamba mwanawe masikio.

"Alinyamaza wakati naandika," alisema. "Nilidhani amelala."

Pimbi akasimama pale, kifuu mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

Hadithi yangu imekauka hapo. Mwenye kiu akanywe kwao. Na funzo lake, wanangu, ni hili: subira huvuta heri. Mkubwa akikwambia ngoja, ngoja, kama alivyongoja Swala.