Taa ya Banda la Kuku

Soma taratibu, kisha mpelekee jirani mnayepakana naye ukuta.

Bibi Mwanamkuu alikuwa na mtoto wa jicho, na ukungu ulikuwa ukizidi. Alibakiwa na haja moja: kumwonyesha mjukuu wake, Siwema, Kilimia, zile nyota ndogo zilizosongamana ambazo wazee walizitazama kujua majira ya kulima. Yeye alionyeshwa na bibi yake. Hakutaka ziishie kwake.

Basi kila baada ya chakula cha jioni walitandika mkeka uani. Lakini ng'ambo ya ukuta Mzee Shekiondo alikuwa amefunga taa kali juu ya banda lake, maana kicheche alikuwa akimmalizia kuku. Mwanga ulimwagika mpaka uani kwao, na nyota hazikuonekana.

"Mama, nikamwombe aizime?" aliuliza Zawena, mama yake Siwema.

"Thubutu! Kuku wa mwenzetu waliwe kwa ajili ya macho yangu?"

Siwema hakuweza kunyamaza. Asubuhi alipotumwa mayai kwa mzee, akasema, "Babu, taa yako imekula Kilimia, nyota za bibi."

Mzee akacheka. "Na kicheche je, nimwambie naye ale nyota?"

Jioni ile ng'ambo ya ukuta kukawa giza. "Maskini, taa yake imeungua," Zawena alisema.

Bibi akamshika Siwema kidevu, akakigeuza polepole. "Juu ya mpapai. Kama vifaranga chini ya mama yao. Unaona?"

"Naziona, bibi! Zimebanana kama zinasikia baridi!"

Bibi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Siku iliyofuata giza tena. Zawena akamwonea mzee huruma, akampelekea sahani ya vitumbua. Alimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya banda, fimbo mapajani, anajipiga makofi kwa mbu.

"Shikamoo baba. Taa imeharibika?"

"Marahaba, Mama Siwema. Taa nzima kabisa. Nitaiwasha bi mkubwa wenu akishaingia ndani. Kwa sasa kicheche ananiona mimi."

Zawena akamwekea sahani kando ya kigoda.

"Ila nisaidie," mzee akanong'ona. "Hicho Kilimia kiko wapi? Tangu jana natafuta, shingo imekauka, na kuuliza naona haya."

Siwema, aliyekuwa amemfuata mama yake, akasogea. Akamshika mzee kidevu chenye mvi, akakigeuza polepole.

"Juu ya mpapai, babu. Kama vifaranga."

"Alaa! Kumbe hivi!"

Bibi Mwanamkuu akasikia ukelele ule kutoka kwenye mkeka wake. Akalala chali, akafumba macho, akatabasamu.

"Haya," akasema. "Sasa hata nisipoona, wapo wa kuonyeshana."

Funzo: Jirani mwema si yule anayekuwashia taa tu, wakati mwingine ni yule anayezima yake na kuvumilia mbu, ili wewe uone.