Macho ya Mchambua Mchele

Mchambua mchele hahesabu punje. Mmelisikia neno hilo leo kwa mwalimu wenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi mzee limezaliwa wapi. Sogeeni basi. Limezaliwa Kyela, uani kwa watu, wala halikutungwa na mzee yeyote.

Ilianza kwa mlio mdogo gizani: ting! Kisha tena, ting! Ilikuwa saa moja jioni na umeme ulikuwa umekatika. Tusekile alikuwa mezani, kitabu chake cha majaribio ya Kiingereza kimemezwa na giza mbele yake. Uani, mama mkwe wake, Bibi Gwantwa, alikuwa akichambua mchele wa msiba wa jirani, na kila kijiwe alichokitoa alikitupa kwenye kopo.

Tusekile alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Watoto njiti wengi walipita mikononi mwake, wengine hawazidi kiganja, na baadhi walimponyoka kwa sababu pale hospitalini hapakuwa na aliyesomea kuwatunza. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikubali kumfundisha kazi hiyo mwaka mzima bila ada, ila kwanza afaulu mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza alifaulu. Kuandika alifaulu. Kuzungumza ndio usiseme. Kusoma kulimwangusha: habari tatu ndefu, maswali arobaini, saa moja tu. Mara ya kwanza muda ulimwishia katikati ya habari ya pili. Sasa zilibaki siku kumi na mbili arudie, na chuo kilisema hakitamngoja tena.

Shida yake haikuwa uvivu. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa, naye alimfundisha kusoma kwa kuweka kidole chini ya kila neno. "Neno lililoandikwa halirukwi," alikuwa akimwambia. "Kuliruka ni kumpita mtu njiani bila kumsalimu." Basi Tusekile aliyasalimu yote. Akikutana na neno asilolijua alisimama nalo kama gari lililozama kwenye tope. Mwalimu Ambilikile wa darasa la jioni alichoka kumsihi: "Dada, anza na maswali, kisha ukayawinde majibu!" Aliitikia kwa adabu, lakini moyoni aliona huo ni wizi.

Jioni ile akatoka uani na kununa kwake, akachukua ungo wa pili. Kibatari kilikuwa kinawaka. Lugano, bintiye wa miaka sita, alikuwa amejilaza mkekani karibu na bibi yake. Tusekile akainama, akaanza: punje hii, punje ile, punje nyingine.

"Mama Lugano," mama mkwe akamwambia, "huyo marehemu tunamzika kesho au mwakani?"

Lugano akaangua kicheko.

"Naogopa kuacha jiwe, mama. Mtu atavunjika jino kwenye msiba wa watu."

"Kwa mwendo huo hakuna atakayekula, kwa hiyo meno yao yako salama."

Tusekile akamtazama vizuri. Bibi Gwantwa alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto, na shule hakuijua hata mlango. Lakini mchele ulipita chini ya vidole vyake kama maji, na vijiwe vikalia kwenye kopo. Tusekile alikuwa hajamaliza konzi mbili, mwenzake alishamwaga ungo mzima kwenye sufuria. Akachota katika ule uliochambuliwa, akausogeza kwenye mwanga, akatafuta jiwe. Akachota tena. Hakuona hata moja.

"Mama, unayaonaje? Mchele wote huu umeuangalia saa ngapi?"

"Mchele siuangalii."

"Huuangalii?"

"Niuangalie kwani umepotea? Mimi natafuta jiwe. Kabla sijaushika ungo nimeshaliweka jiwe machoni, basi macho yanalifuata yenyewe." Akachomoa kitu, akakileta karibu na pua, akakigeuza taratibu. "Ila likijitokeza, hapo nasimama. Maana kuna chuya inayojifanya jiwe, na kuna jiwe jeupe linalojifanya mchele. Hapo ndipo pa kutulia, mwanangu. Siyo kote."

Tusekile akakikumbuka kitabu chake pale mezani. Miaka saba alikuwa ameishi nyumba moja na mwalimu, akidhani anaishi na mama mkwe. Umeme uliporudi, Lugano akashangilia, lakini yeye alibaki palepale ameshika ungo, akiitazama ile mikono kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Kesho yake alisoma maswali kwanza. Aliliweka jiwe machoni: jina la mtu, mwaka fulani, sababu ya jambo fulani. Kisha akayaachia macho yakimbie ukurasani. Mara ya kwanza yalimwia mazito, akanong'ona, "Nisamehe, baba," akaruka mistari mitano kwa mkupuo. Lakini alipolifikia jiwe, alirudisha kidole chini ya neno, akasoma polepole, neno kwa neno, vilevile alivyofundishwa. Ndipo alipojua kwamba baba yake hakukosea. Alikuwa tu hajawahi kuwekewa saa.

Siku ya mtihani, habari ya tatu ilihusu ndege wadogo wanaovuka bahari usiku na mchana bila kutua. Maneno asiyoyajua yalikuwa tele. Aliyapita. Macho yalishuka, yakapanda, yakatua penyewe palipostahili, naye akayafuata kwa mshangao, asiamini kwamba ni yake. Alipojibu swali la mwisho, aliinua uso. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Akaweka kalamu chini, mikono mapajani, machozi yakimlenga.

Majibu yalipotoka, alikuwa amefaulu. Wauguzi wenzake wakajaa uani kumpongeza, na mmoja wao, Anyisile, hakuweza kujizuia.

"Hebu tuambie kweli, shoga. Zile habari zote ulizimaliza kuzisoma?"

"Hapana. Nyingi sikuzisoma."

"Basi ulibahatisha!"

"Sikubahatisha hata swali moja."

"Mtu hasomi, habahatishi, halafu anafaulu? Huo ni uganga!"

Wakacheka. Tusekile akajaribu kueleza: kwamba husomi, lakini unasoma, kwamba unaruka, lakini huachi kitu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojifunga mwenyewe ulimi. Akamgeukia mama mkwe wake amwokoe, lakini Bibi Gwantwa alikuwa akitabasamu tu. Basi Lugano, aliyekuwa ameegemea goti la mama yake, akawatazama watu wazima wale mmoja mmoja, akashangaa kwamba hawajui, akasema kwa sauti:

"Mchambua mchele hahesabu punje."