Lori Lililozama Ikonge

Kushindana ni tabia ya binadamu, lakini si kila aingiaye uwanjani hustahili kuitwa mshindani. Daktari Manasseh Ombui alifunzwa hilo na matope ya kwao Ikonge, masika ya mwaka 1977.

Ombui alikuwa mhadhiri wa kompyuta Nairobi, na sifa zake zilikuwa zimevuma. Wiki mbili baadaye angeketi mbele ya jopo la kumpandisha cheo awe profesa. Tegemeo lake lilikuwa makala moja, kuhusu programu iliyopanga njia za malori ya majani chai ili yafike kiwandani kabla hayajaharibika. Alikuja nyumbani kuijaribu.

Esnah, karani wa kituo cha chai aliyesoma naye darasa moja, aliipitia karatasi yenye mpango wa njia hizo akaguna.

"Kaka Ombui, mvua ikinyesha mlima huu haupandiki. Lori lianzie huku juu, literemke na mzigo."

"Dada, kompyuta iliyopanga haya inahesabu kukushinda mara elfu."

"Basi tushindane. Malori mawili, mpango wako na wangu."

Saa nane mchana mbingu zilifunguka. Lori la Esnah lilikuwa limekwisha kufika kiwandani. La Ombui lilizama katikati ya mlima, magurudumu yakizunguka bure. Alisukuma pamoja na utingo hadi viganja vikachubuka. Alipotia mkono guniani, alihisi joto. Majani yalikuwa yamechemka, yakageuka mekundu. Kiwanda kiliyakataa yote. Jasho la wakulima thelathini lilimwagwa shimoni, na Bochaberi, mama yake mzazi, alikuwa mmoja wao.

"Mwanangu," mama alisema, "hata njia hukuuliza?"

Swali hilo lilimchoma kama mkuki. Aliporudi Nairobi, Mogaka, mhadhiri mwenzake, alimsihi afunge mdomo.

"Jopo halijui hata Ikonge iko wapi. Ukisema, umejichimbia kaburi."

Siku ya mahojiano Ombui aliikumbuka kauli ya Mogaka. Hata hivyo alisimama.

"Waheshimiwa, makala yangu ina kosa. Nimeshindwa na karani mwenye penseli."

Mwenyekiti alifunga faili. Cheo kikaenda kwa mwingine.

Ombui alilia, kisha akajipangusa. Kila likizo alirudi Ikonge, akazitembea njia zote na Esnah, akiuliza, akiandika na kuirekebisha programu. Masika ya 1979 mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na malori yote sita ya kituo yakafika kiwandani majani yakiwa mabichi. Makala mpya ilibeba majina mawili, lake na la Esnah.

Jopo lilimwita tena.

"Safari hii karani amesemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Amekubali, mheshimiwa, baada ya kunirudisha mara tisa."

Mwenyekiti alicheka, akanyoosha mkono. "Hongera, Profesa Ombui."

Ama kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.