Bahari ya Chumbani kwa Bi Somoe

Hapo zamani, tena si zamani ya masultani na majini, ni zamani ya juzi tu ambayo watu wake bado wananunua umeme, palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Bi Somoe. Alizaliwa Pangani, akazeekea bara, katika mji ambao kutoka pwani ni safari ya basi ya kutwa nzima. Mume wake alikuwa mtu wa reli, akampeleka huko. Mume akafa, reli ikalala, Bi Somoe akabaki.

Watoto alipata watatu. Wa kwanza, Mbaruku, alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Wa kati alitangulia mbele ya haki akiwa kijana, akamwacha mjane wake, Chiku. Chiku alimaliza eda, watu wakangoja afungashe arudi kwao. Hakufungasha. Alibaki anampikia mkwewe na kumfulia, na hakuna aliyemuuliza sababu. Wa mwisho alikuwa Siwema, aliyekaanga maandazi stendi, na mdomo wake ulikuwa na moto kuliko karai lake.

Shikeni watu hawa watatu, Mbaruku, Chiku na Siwema, maana ndio nitakaowauliza habari zao.

Siku moja kiharusi kilimpiga Bi Somoe. Mkono wa kushoto ukafa, ulimi ukafa. Aliporudishwa kutoka hospitali aligeuza uso ukutani, basi. Akiletewa uji, vijiko vitatu. Akisalimiwa, ukuta. Akiletewa wajukuu, ukuta. Daktari akawaambia wanawe, "Dawa nimewapa, lakini dawa haimgeuzi mtu. Mtafutieni kitu atakachotaka kukitazama, la sivyo atawaishia hivyohivyo."

Kitu hicho wote walikijua. Tangu wakiwa wadogo mama yao alikuwa akiwasimulia jambo moja: maji yakipwa pwani, mwambani hubaki mashimo yenye maji, na yeye msichana alikuwa akichutama kando ya shimo asubuhi nzima, anatazama visamaki vya rangi vikitokeza na kujificha, mpaka mama yake amfuate na ufagio. Kumpeleka Pangani haikuwezekana, mwili wake usingestahimili basi. Siwema ndiye aliyesema, "Basi tumletee shimo moja hapa."

Wakaenda kuuliza bei ya tangi la samaki wa maji chumvi, lenye taa zake na mitambo yake. Mwenye duka akawatajia. Walitoka dukani bila kuaga.

Mbaruku alikuwa anajenga. Mwaka wa sita huo anajenga, na kilichobaki kilikuwa madirisha. Vioo vinene vya dirisha kubwa la sebuleni alikuwa ameshavikata, vimeegemezwa ukutani, mkewe anavifuta vumbi kila Ijumaa. Akavichukua. Akavikata upya, akavigandisha kwa silikoni, akajaza maji uani ajaribu. Kona moja ikavuja. Akabandua, akaanza tena. Ikavuja tena, akaanza tena. Mkewe akamuuliza, "Na dirisha letu?" Akamjibu, "Dirisha litangoja." Akapigilia turubai, na turubai hilo lipo mpaka kesho. Tangi likasimama juu ya miguu ya cherehani ya zamani ya mama yao. Pampu ya hewa waliipata kwa mtu aliyechoka kufuga samaki, na chujio Mbaruku alilitengeneza kwa chupa ya plastiki na sponji la godoro.

Siwema akakusanya madumu sita ya mafuta ya kula, akayasuuza kwa maji ya moto bila sabuni, akapanda basi. Pangani hakuchota mtoni wala karibu na mdomo wa mto, alikwenda mbali kule maji yalikokuwa safi. Alichota, akachukua na mchanga, na vipande vya mwamba vilivyojivunjikia vyenyewe, vyenye wadudu na majani ndani, akavifunga kwa gunia bichi. Kondakta akamwambia, "Dada, unahamisha bahari?" Akajibu, "Kidogo tu, nyingine nimewaachia." Alikaa siku nne. Aliporudi stendi na karai lake, mahali pake pamekaliwa na mwanamke mwingine, ana meza mpya na wateja walewale.

Na Chiku? Chiku hakuwa na kioo, hakuwa na nauli. Alizaliwa kwenye mabwawa ya chumvi, mama yake alikuwa mkwangua chumvi. Siku maji yalipomiminwa tangini alisema neno moja: "Tusiweke samaki sasa. Haya maji hayajaiva. Kwetu bwawa jipya halikai kiumbe mpaka litulie, lishike utando. Tungoje siku arobaini."

Mbaruku akasema, "Shemeji, mama atazame maji matupu siku arobaini? Atarudi ukutani." Na Siwema alikuwa ameshaleta samaki wawili katika safari ileile, wako kwenye dumu. Wakawaweka siku ya tatu.

Bi Somoe akageuka. Aligeuka, wasikilizaji wangu. Alitazama siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asubuhi samaki wote wawili walikuwa wanaelea ubavu. Machozi yakamtoka mama yule bila sauti, akageukia ukuta, na vijiko vitatu vya uji vikawa kimoja. Nikisema wanawe waliumia, nitakuwa nimesema kidogo.

Sasa wakangoja. Kila siku Chiku alikaa kati ya kitanda na tangi, akawa anauambia mgongo wa mkwewe: "Mama, leo jiwe limeota kijani." Kesho yake: "Mama, leo kuna kijikonokono, sijui kilikuwa kimejificha wapi." Kesho yake: "Mama, ametokeza mdudu ana miguu mingi, mbaya huyo, kama nini." Mgongo haukujibu. Lakini siku ya thelathini Chiku alichelewa kuja, na mgongo ukasogea.

Siku arobaini zikatimia. Siwema akapanda basi mara ya pili, akarudi na madumu ya akiba na samaki mmoja, mdogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe. Njia nzima alimpakata kwenye mfuko, na kila basi liliposimama alimpulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Abiria walimcheka mpaka Korogwe, baada ya hapo wakawa wanamkumbusha: "Mama, umempulizia?"

Samaki akaingia majini. Akazunguka jiwe, akaingia tunduni, akatoa uso. Bi Somoe akageuka. Siku hiyo alikula nusu bakuli.

Hadithi ingeishia hapo kama jua la bara lisingekuwa jua la bara. Maji yakawa yanapungua. Leo upana wa kidole, keshokutwa vidole viwili. Siwema alipoona hivyo alichukua dumu la akiba akaongeza. Yakapungua, akaongeza. "Bahari inaongezwa bahari," akasema, na ni nani angembishia? Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili samaki akaacha kuzunguka. Akasimama kona moja, anatweta, mapezi ameyabana. Bi Somoe akaacha kula, macho kwenye kona ile. Watu wa nyumba hiyo walianza kutembea kwa kunyata.

Ndipo Chiku alipochovya kidole, akaramba, akasema, "Hii si bahari tena. Haya ni maji ya bwawa la tatu."

Wakamtazama. Akawaeleza kwamba kwao maji huingizwa bwawa la kwanza, yakapelekwa la pili, yakapelekwa la tatu, na kila bwawa jua linakunywa maji na kuiacha chumvi, mpaka mwisho inabaki chumvi peke yake. "Kinachopungua hapa ni maji matamu, wifi. Chumvi haijaenda popote. Ukiongeza bahari, unaongeza chumvi juu ya chumvi." Akapunguza maji ya tangini kidogo, akaongeza maji ya mvua kwa kikombe. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja alasiri, siku nne, akaonja kila mara, akachora mstari wa penseli kwenye kioo ili kila mtu ajue maji yanatakiwa kufika wapi. Siku ya tano samaki alitoka konani. Bi Somoe akala bakuli zima, akaonyesha kwa kidole aongezewe.

Sasa lipo jambo sijawaambia. Bi Somoe alikuwa na bangili ya fedha mkononi, aliyovishwa na mama yake. Katika ukoo wao bangili hiyo huvuliwa mara moja tu katika maisha ya mtu, akapewa mmoja, na aliyepewa, awe mwanamke au mwanamume, husemwa ukoo mzima: huyu ndiye aliyemjua mama. Hawaulizi nani mkubwa, wala nani ni wa damu na nani ni wa kuolewa. Neno lake ndilo linalosikilizwa mama asipoweza kusema.

Siku hiyo ya bakuli zima Bi Somoe aling'ang'ana na bangili kwa meno na kwa mkono wake mzima mpaka ikatoka. Watatu wamesimama mbele yake. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono, akaiweka juu ya kifuniko cha tangi, akarudi kumtazama samaki wake, kama anayesema: mtajijua.

Mbaruku akawa wa kwanza. "Mimi sitaki kugombana. Lakini bila kioo bahari hii ingekuwa imemwagika sakafuni. Watoto wangu wanalala nyuma ya turubai. Kila mvua ikinyesha mke wangu ananitazama, hasemi kitu, ananitazama tu."

Siwema akasema, "Kaka, kioo bila bahari ni kabati. Nani aliyekwenda? Nani aliyerudi? Nimepoteza mahali pangu stendi, sasa nakaanga uchochoroni hata mbwa hapiti. Huyo samaki anayemgeuza mama nimempakata mimi, kutwa nzima, sikula."

Ikawa zamu ya Chiku. Mbaruku akamwambia, "Sema na wewe, shemeji. Ni haki yako."

"Mimi sikuleta kitu," Chiku akasema. "Nilizuia tu. Nilisema tungoje, hamkungoja, wale wawili wakafa. Nilipoonja maji, huyu mmoja akapona. Mama amekula kwa sababu ya kikombe cha maji ya mvua. Sina zaidi."

Siwema akamkazia macho. "Wifi, nikuulize. Maji uliyaonja siku ile kwa mara ya kwanza?"

Chiku angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyemwona siku nyingine. Mimi ningekuwa yeye, sijui, labda ningesema ndiyo nikavaa bangili yangu.

"Niliyaonja siku ya tatu tangu ulipoanza kuongeza," akasema. "Nilijua. Nikanyamaza."

"Siku ya tatu. Ukanitazama namimina wiki mbili?"

"Wifi, mimi ni mke wa marehemu katika nyumba hii. Mara ya kwanza nilisema, nikaambiwa mama atarudi ukutani. Nikajisemea, nikimsahihisha wifi na safari zote zile, wataniuliza nimekuwa nani humu. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Kila asubuhi nikaogopa. Nilipoona mama ameacha kula ndipo hofu ilipokwisha."

Siwema akafungua mdomo, akaufunga, na hiyo kwa Siwema ni habari kubwa. Baadaye akasema polepole, "Kama ni hivyo, mimi ndiye niliyekuwa namuua kwa mkono wangu, kwa mapenzi yangu yote."

Mbaruku akainamisha kichwa. "Na wale wawili ni mimi. Mimi ndiye niliyeshindwa kungoja."

Basi hapo ndipo walipofika, na hapo ndipo nilipo nao. Aliyetoa dirisha lake ndiye aliyekuwa na pupa. Aliyevuka nchi na bahari mapajani ndiye aliyeitia sumu. Aliyejua na kuponya ndiye aliyejua na kunyamaza, na ndiye pekee aliyesema kosa lake kabla hajaonekana. Nimeisimulia hadithi hii mara tatu, na mara zote tatu wasikilizaji waliondoka wamenuniana. Mke wangu na mimi hatuisemi tena wakati wa kula.

Bi Somoe yuko palepale, anakula, anasikia kila kitu. Bangili iko palepale juu ya kifuniko. Lakini pampu inarusha matone madogo ya chumvi, na fedha na chumvi hazikai pamoja; upande mmoja imeshaanza kuwa nyeusi. Na leo asubuhi, alipoletewa uji, Bi Somoe hakumtazama samaki. Aliwatazama wao watatu, akala kijiko kimoja, akafunga mdomo.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiniachie mimi. Nani anyooshe mkono aichukue?