Mtungi Aliouvunja Mshamu

Palikuwa na mwanamke mmoja mfinyanzi aliyezaa watoto watatu, na wote watatu walimpenda. Lishikeni hilo tangu mwanzo, kwa sababu katika habari hii hakuna mtoto mbaya.

Kwao milimani wafinyanzi walikuwa na desturi. Mtoto akiondoka kwenda kuanza maisha yake, mama humfinyangia mtungi wa maji, na kabla udongo haujakauka huubonyeza kwa kidole gumba chini ya mdomo wa mtungi. Mtungi ukishachomwa, alama ile haifutiki tena. Basi watoto wale waliteremka bondeni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtungi wake, wakajenga nyumba zao karibu karibu, mwendo wa kuombana chumvi.

Nakiete, binti wa kwanza, aliuweka mtungi wake mahali pa heshima, akaufunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe kwa miezi mitatu, na kila asubuhi aliupambia maua mabichi. Kanyiri, wa pili, hakujua kutarizi. Yeye kila alipochota maji alimimina kidogo chini kwanza, akitaja jina la mama na la mama wa mama, ndipo akanywa. Mshamu, kitinda mimba, hakupamba wala hakumimina. Alikunywa maji yake, akafumba macho, akamkumbuka mama kimoyomoyo, akaenda zake kazini.

Mshamu alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mtu wa huruma, mwepesi wa machozi. Lakini kila alipopita kwa dada yake akamkuta anapanga maua, alichomwa na kitu kifuani.

"Dada, huo ni udongo," alimwambia siku moja. "Mama yuko milimani."

Nakiete alimjibu bila kugeuka. "Kwani mimi sijui, mdogo wangu? Nilikuwepo akiukanda."

Kwa Kanyiri alikuwa mkali zaidi. Alimwambia anainywesha ardhi maji kana kwamba ardhi ndiyo iliyomzaa. Kanyiri alicheka mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Mara ya tatu hakucheka, na tangu siku hiyo nyumba zile hazikuombana chumvi.

Ikatokea asubuhi moja Mshamu anaupangusa mtungi wake vumbi. Kidole chake kilitua kwenye ile alama, kikaenea humo sawasawa, na machozi yakamtoka. Akashtuka sana. Akajiuliza, mbona na mimi nakuwa kama wao? Akaubeba mtungi hadi uani, akaita majirani, akaupasua juu ya jiwe mbele yao. "Sina mtungi!" alisema. "Nina mama tu!" Alimaanisha kila neno. Moyo wake siku ile ulikuwa mweupe, na majirani waliona hivyo.

Ile kona ya mtungi ikabaki na mchanga mtupu. Mgeni akiingia huuliza, hapa pamekuwaje? Naye humweleza. Mwanzoni maelezo yalikuwa mafupi, ya kusimama tu. Baadaye yakahitaji kigoda. Baadaye yakahitaji mikeka, kwa sababu watu walianza kuja kutoka vijiji vingine kuiona ile kona na kumsikia mwenyewe. Na alijua kusimulia, Mungu alimjalia. Alieleza jinsi mama alivyokuwa akiimba wakati wa kuchoma vyungu, jinsi alivyompulizia uji wa moto, jinsi alivyomfunga kitambaa shingoni wakati wa baridi. Watu walilia. Wengine walirudi kwao wakavunja mitungi yao, na Mshamu alipopata habari alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya ndoa yake.

Zamani alikuwa akipanda milimani kila mwezi kumwona mama. Wageni walipozidi, akawa anapanda baada ya mavuno. Kisha ikapita miaka saba hajapanda hata mara moja, maana kila alipofunga mzigo wa safari, waliingia watu kutaka kusikia habari za mama. Angewafukuzaje? Msimcheke. Aliamini kabisa kwamba anamhudumia. Nakiete na Kanyiri, na mambo yao yale ya maua na ya kumimina, ndio waliokuwa wakipanda kumpelekea kuni na unga.

Mwaka wa saba mama aliwatumia ujumbe wote watatu. Vidole vimekakamaa, udongo haukandiki tena. Atashuka bondeni, na atakaa kwa mmoja wao mpaka siku zake ziishe.

Mshamu aliposikia aliketi chini akalia kama mtoto. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko hicho, mama ale kwenye jiko lake, alale chini ya paa aliloliezeka kwa mikono yake. Alisuka kitanda kipya kwa kamba. Alifagia ua mara mbili kwa siku. Wala hakuwa na wasiwasi kwamba mama atachagua nyumba nyingine. Atachaguaje waabudu mitungi, akamwacha mwanawe aliyevunja wake kwa ajili yake?

Na kweli, mama aliposhuka alikwenda kwanza kwa Mshamu. Huyu alikuwa kitinda mimba wake, na mama hakuwa amemwona kwa miaka saba.

Alifika saa sita mchana, amekonda, kanga imefunika nusu ya uso kwa sababu ya jua, miguu yote vumbi. Ua ulijaa watu. Mshamu alikuwa amesimama mbele yao, mkono ameuelekeza ndani, kwenye kona tupu, yuko katikati ya maneno yake. Mama alibisha hodi kwa sauti iliyokauka, akaomba maji ya kunywa. Hakutaja jina. Mama gani hujitambulisha kwa mwanawe?

Mshamu aliinua kiganja bila kumtazama sana. "Subiri kidogo, bibi yangu," alisema, na kwa adabu kabisa. "Niko katikati ya habari za mama yangu. Nikimaliza utapewa maji."

Watu wakamsogezea mkeka. Mama akaketi nyuma yao, akasikiliza. Mshamu alikuwa amefika pale alipopapenda kuliko pote, akieleza kwamba mama yake hakuwahi kumwacha mwenye kiu apite mlangoni pake. Ilikuwa sehemu ndefu. Mama alisubiri hadi midomo yake ikashikana kwa kiu, kisha akajiinua kwa fimbo yake, akatoka. Hakuna aliyegeuka.

Alikwenda kwa Nakiete. Nakiete alikuwa na maua mkononi, na alipoisikia ile hodi, maua yalianguka chini naye akayakanyaga akikimbilia mlangoni. Alikivuta kile kitambaa cha miezi mitatu kutoka juu ya mtungi, akakilowesha, akamfuta mama vumbi usoni, kisha miguuni, hadi katikati ya vidole. Alimwita Kanyiri kwa kelele. Kanyiri alikuja mbio, akachota maji kwa kata, na siku hiyo hakumimina chini hata tone. Yote alimnywesha mama, huku amemshika kidevu kama anavyoshikwa mgonjwa.

Mama alipopata nguvu aliwaambia alikopitia. Kanyiri, ambaye alikuwa hajakanyaga kwa mdogo wake muda mrefu, alikwenda mwenyewe kumwita. Alimkuta bado anasema.

"Mama amefika," alimwambia. "Yuko kwa Dada. Anasema kwako amepita."

Mshamu alimtazama. Akatazama mkeka wa nyuma, uliokuwa mtupu. Aliwaacha watu wake na neno nusu, akakimbia bila viatu.

Alipofika hakuthubutu kuingia. Alisimama mlangoni, fundi mzima wa mapaa, na shikamoo yake haikusikika vizuri. Mama alimnyooshea ule mkono wenye vidole vilivyokakamaa.

"Marahaba, mwanangu. Nimezisikia habari zangu pale kwako. Ni nzuri, na unajua kusimulia. Ila kiu ilinizidi."

Hakumkemea zaidi ya hapo. Alisogea akampa nafasi kando yake, Mshamu akaweka kichwa magotini pa mama, akalia mpaka Kanyiri naye akageukia ukutani. Baadaye Mshamu alikiona kile kitambaa sakafuni, kimejaa tope.

"Dada, kitambaa chako kimeharibika," alisema.

"Kitafuliwa," Nakiete alijibu.

Mama alikaa kwa Nakiete mpaka mwisho wa siku zake. Kile kitanda cha kamba hakikulaliwa, na uchungu wa jambo hilo haukumwisha Mshamu. Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi, alikwenda kumchotea mama maji, na wageni waliokuja kwake kutaka kusikia habari za mama walielekezwa nyumba ya jirani, wakamwone mwenyewe.

Mfano huu ukisimuliwa msikitini, watu hutabasamu wakidhani wanasemwa wa kanisani. Ukisimuliwa kanisani, hudhani wanasemwa wa matambiko. Ukisimuliwa kwa wazee wa matambiko, hucheka kuliko wote, wakidhani wanasemwa waliovunja mitungi. Na yupo pia asiyeabudu chochote, anayeusikiliza akijipongeza kwamba kona yake ni tupu. Basi waacheni jirani zenu kwa leo, na kila mmoja ajiulize mwenyewe: akibisha hodi sasa hivi Yule ninayesema nampenda, amechoka na ana kiu, ni kitu gani nitakachomwambia asubiri kwanza nikimalize?